Shauri la Bata wa Plasta

Habari hii ni ya Siwatu binti Faki, mpima ardhi, na ya mwaka mmoja aliokaa katika nchi ya Hidayani. Alikwenda huko kwa mkataba wa kuchora ramani ya mifereji ya bonde. Kazi hiyo aliifanya, na ramani ipo. Lakini watu wa Hidayani wakimtaja leo hawamtaji kwa mifereji. Wanamtaja kwa bata.

Hidayani ni nchi ya watu wapole. Hakuna anayepaza sauti sokoni, hakuna anayetia komeo mlangoni, na mgeni akiuliza njia hapewi maelezo, hupelekwa mpaka anakokwenda. Siwatu alipangiwa kukaa kwa Mzee Kondo, mwalimu mstaafu, na mkewe Bi. Tumu, mkulima wa mpunga. Siku aliyofunguliwa mlango alidhani ameletwa dukani. Ukumbini zilipangwa chupa za chai kutoka sakafuni hadi darini: nyekundu, za maua, za bati, nyingine bado zimo katika maboksi yake. Upande wa pili kulikuwa na kofia za sufu, zimepangwa juu kwa juu kama matofali, na vikorokoro vingine visivyohesabika. Katikati uliachwa ujia wa kupita mtu mmoja, tena kwa ubavu. Na katika ujia huo, juu ya mkeka, alikuwa amekaa bibi kizee, miguu ameikunja.

"Karibu, mjukuu wangu," bibi alisema. "Niruke tu. Wote huniruka."

Huyo alikuwa Bibi Mize, mama yake Mzee Kondo. Alikuwa na chumba chake, chenye dirisha linalotazama barabarani, lakini kilikuwa kimejaa vitu vya namna hiyo tangu miaka mitatu nyuma na dirisha likazibwa. Ndipo bibi akahamia ujiani. Akisikia nyayo nje huuliza, "Nani huyo anapita?" Na waliomo ndani, ambao nao hawaoni kitu, humtajia jina lolote linalowajia.

"Kwa nini hamvitoi vitu hivi?" Siwatu aliuliza walipokuwa wakila.

Mzee Kondo alinawa mikono kwanza. Alikuwa mtu wa kueleza jambo kwa mpangilio, kama bado ana darasa mbele yake.

"Sheria zetu ni tatu, mwanangu. Ya kwanza, kila Sikukuu ya Tunu mtu huwapa zawadi watu wote wa nyumbani mwake, na kazini humpa yule ambaye ameliokota jina lake katika kikapu. Ya pili, aliyepewa huifungua zawadi mbele ya watu na kusema, kabla hajavuta pumzi ya tatu, 'Hiki ndicho nilichokuwa nikikiota!' Ya tatu, zawadi haitupwi, haiuzwi, hapewi mtu mwingine, wala haifichwi uvunguni. Afanyaye hivyo ameuiba moyo wa aliyempa."

"Na nani anayejua kama mtu alikuwa akikiota kweli?"

"Idara ya Shukrani," alijibu Mzee Kondo, tena kwa fahari. "Ina Makarani wa Furaha. Wanasikiliza sauti."

Siwatu alikuja kuwaona makarani hao baadaye. Walikuwa sita kwa mji mzima, wamevaa kanzu nyeupe, kila mmoja na daftari lenye safu tatu: Furaha Timamu, Furaha Pungufu na Furaha ya Mashaka. Mtu akiandikwa mara mbili katika safu ya tatu hutembelewa nyumbani, vitu vikakaguliwa kimoja kimoja, na vumbi lililo juu yake likapimwa kwa kidole.

Wakati Siwatu anafika, Baraza Kuu lilikuwa katika mjadala. Mtu mmoja alikuwa amepewa mkungu wa ndizi mbivu. Kundi la Walaji lilisema kwamba kuzila ndizi ni kuzipenda. Kundi la Wahifadhi lilijibu kwamba mtu akila zawadi ameiangamiza, na kesho yake hana cha kuonyesha. Mjadala ulichukua siku tisa. Siku ya kumi mkungu uliletwa barazani uwe ushahidi, na wajumbe wa pande zote mbili walizungumza wameziba pua. Uamuzi ulikuwa kwamba ndizi zihifadhiwe, lakini nje.

Siwatu aliyaandika hayo katika barua kwa dada yake bila kuongeza neno. Aliona si juu yake kuwacheka watu waliompokea vizuri. Alikuja kwa ajili ya mifereji.

Kisha Sikukuu ya Tunu ikafika.

Asubuhi yake nyumbani kwa Mzee Kondo alikuja Karani wa Furaha, akasimama kizingitini maana ndani hapakuwa na nafasi. Mzee Kondo alimkabidhi mkewe boksi. Bi. Tumu alilifungua, akatoa chupa ya chai ya rangi ya samawati, akasema kwa sauti ya juu, "Hiki ndicho nilichokuwa nikikiota!" Karani aliandika Furaha Timamu. Lakini Siwatu alikuwa ubavuni, akaona mikono. Bi. Tumu aliishika ile chupa kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani aliyelowa. Naye akampa mumewe kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, na Mzee Kondo akaivaa papo hapo, akasema maneno yale yale, akitabasamu mpaka jasho likamtoka.

Mchana wanawake hao wawili walikuwa bondeni, Siwatu na kamba yake ya kupimia, Bi. Tumu amesimama katika tope la mpunga, pekupeku, nyayo zimepasuka.

"Bi. Tumu," Siwatu alisema, "tangu nije sijakuona ukinywa chai."

"Siinywi. Inanipa kiungulia."

"Na Mzee hajui?"

Bi. Tumu aling'oa gugu, akalitupa. "Mwaka wa kwanza nilimwonea haya, tulikuwa ndiyo kwanza tumeoana. Mwaka wa pili nikaona nikisema nitamuumbua kwa ile ya kwanza. Mwaka wa tatu akaniambia, 'Najua unavyozipenda.' Ya leo ni ya ishirini na tisa, mwanangu. Nitaanzia wapi?"

Siwatu aliinamia kamba yake. Aliendelea kupima, lakini vipimo vya mchana ule ilibidi avirudie siku nyingine.

Kesho yake ilikuwa zamu ya ofisini. Wafanyakazi wa Ofisi ya Mifereji walijipanga kwa duara, karani akiwa katikati. Jina la Siwatu lilikuwa limeokotwa na mkuu wa ofisi mwenyewe, Bwana Mshamu, mtu mnene, mwema, asiyependa ugomvi. Alikuja na kitu kimefungwa kwa karatasi, kirefu kufika kiunoni. Siwatu alichana karatasi. Ndani yake alikuwamo bata wa plasta, mweupe, mdomo umepakwa rangi ya dhahabu, jicho moja kubwa kuliko jingine.

Siwatu alivuta pumzi ya kwanza. Aliyajua maneno na ulimi ulikuwa tayari. Lakini macho yake yalikuwa yakimpima bata, maana kupima ndiyo kazi yake, na akili ikawa inamtafutia mahali pa kusimama kule nyumbani. Hapakuwa na nafasi ila mahali pamoja tu: penye mkeka wa Bibi Mize. Akavuta pumzi ya pili. Ya tatu ikapita.

"Bwana Mshamu," alisema, "asante sana kwa kunikumbuka. Lakini bata huyu simtaki."

Karani aliinua kalamu, asijue aishushe katika safu ipi.

"Humtaki?" Bwana Mshamu aliuliza polepole, kama mtu anayejaribu kutamka neno la lugha ngeni. "Ana dhahabu mdomoni."

"Nimeiona. Bata mzuri. Simtaki, na ninapokaa hana pa kusimama."

Jioni ile ile hati ilifika nyumbani. Siwatu alishtakiwa kwa Kukosa Mshangao na kwa Kulitamka Jambo Hilo. Adhabu yake ilikuwa imeandikwa chini kwa wino mwekundu: zawadi arobaini za adabu, zitolewe na Idara na kuwekwa katika nyumba anamoishi mshtakiwa. Palikuwa na njia ya msamaha. Asimame mbele ya Mkuu wa Shukrani, ashike bata, aseme yale maneno kwa sauti ya furaha, na shauri lifutwe.

"Ni maneno manne," Mzee Kondo alimsihi. Alikuwa amevaa ile kofia mpya na paji la uso limemwiva. "Manne tu, mwanangu. Watu wazima tunayasema kila mwaka na hakuna aliyekufa."

"Nikiyasema, Mzee wangu, Bwana Mshamu akipata nafasi ataniletea bata wa pili. Na atakuwa na haki."

"Na usipoyasema, vitu arobaini vitaingia humu. Mama yangu nimweke wapi?"

Hilo lilimchoma. Siwatu alikuwa tayari kuadhibiwa, lakini hakuwa tayari kuadhibiwa kwa mgongo wa bibi kizee. Asubuhi alifunga mizigo yake akahamia kibanda cha vifaa bondeni, akaiandikia Idara kwamba zawadi zipelekwe huko. Jibu lilirudi kabla ya adhuhuri, limeandikwa kwa heshima zote: nyumba inayohesabiwa ni ile aliyokuwa akiishi siku ya kosa. Siwatu akarudisha mizigo, akaketi ujiani karibu na Bibi Mize, kichwa mikononi.

"Bibi, nisamehe. Nikisema kweli, wewe ndiye utakayeumia."

Bibi Mize alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Vitu arobaini vikiingia, mimi nitatoka," alisema. "Nitakaa barazani. Nikikaa barazani nitaona watu. Sasa hapo adhabu iko wapi?"

"Na mvua?"

"Mvua mtajua ninyi. Wewe uliyekwisha kulisema, lirudie. Ukilimeza sasa litakukaa hapa." Akajigusa koo. "Mimi nayajua yanayokaa hapa."

Siku ya shauri jumba la Idara lilijaa. Mkuu wa Shukrani alikuwa Bi. Arafa binti Muombwa, mwanamke mrefu, mtaratibu, aliyesifiwa kwamba hajawahi kumkatiza mtu maneno. Bata aliwekwa mezani, ametazama watu.

"Bi. Siwatu," alisema Bi. Arafa, "hapa hakuna anayekuchukia. Mshike, useme, urudi kwenye mifereji yako. Tunaingoja ramani."

Siwatu alisimama. 

"Mheshimiwa, Bwana Mshamu ni mtu mwema kwangu, na nilimshukuru, na leo namshukuru tena. Lakini nikisema nilikuwa nikimwota bata huyu, nitakuwa nimemdanganya mtu mwema. Siwezi."

"Hata kwa ajili ya nyumba iliyokupokea?"

Siwatu alimtazama Mzee Kondo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo lakini iliyosikika mpaka nyuma, "Hata hivyo."

Bi. Arafa aliandika. Kwa desturi, mwenyeji wa mshtakiwa huitwa atoe ushahidi kwamba nyumbani kwake mgeni hakufundishwa utovu wa shukrani. Bi. Tumu aliitwa. Alikuja amejifunga khanga mbili, akasimama penye alama sakafuni.

"Bi. Tumu, katika nyumba yako zawadi hupokewa vipi?"

"Kwa Furaha Timamu, Mheshimiwa. Miaka ishirini na tisa. Imo daftarini."

"Basi mgeni huyu hakujifunza kwako."

Bi. Tumu alikaza khanga zake. Alimtazama Siwatu, kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa safu ya mbele.

"Kondo," alisema, "mimi chai sinywi."

Watu walidhani hawakusikia vizuri. Mzee Kondo alisimama taratibu.

"Hunywi leo?"

"Sinywi kabisa. Sijawahi."

"Chupa zote ishirini na tisa?"

"Ile ya kwanza nilifurahi kwamba umenikumbuka. Chupa yenyewe, la." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini hakuyafuta. "Nisamehe, mume wangu. Nilianza vibaya, kisha sikuona pa kugeukia."

Mzee Kondo alibaki amesimama. Mkono wake ulipanda kichwani, ukavua kofia. Paji la uso lilikuwa limetapakaa vipele.

"Zinaniwasha," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza."

Hapakuwa na aliyecheka. Mmoja wa Makarani wa Furaha, kijana aliyekuwa karibu na mlango, aliweka daftari chini akasema kwamba yeye ana masanduku sita ya sabuni ya waridi na waridi humpigisha chafya. Akafuata mwingine. Kisha kiti kililia, Bwana Mshamu akanyanyuka, uso umemjaa aibu.

"Mheshimiwa, na mimi nina langu. Huyo bata nilipewa na mama mkwe wangu."

Hapo ndipo jumba lilipopiga kelele, maana hilo lilikuwa kosa la sheria ya tatu, la kuiba moyo. Bwana Mshamu alisubiri kelele zipungue. "Nilimficha stoo miaka minne. Nilimwokota Bi. Siwatu katika kikapu, nikasema huyu ni mgeni, hatajua. Mkwe wangu yuko hapa. Naomba radhi, mama."

Mama mkwe alikuwa kweli yupo, safu ya tano. Alijitanda upya ushungi wake. "Usiniombe radhi," alijibu. "Na mimi nilipewa na shemeji."

Kufika adhuhuri watu sitini na mmoja walikuwa wamekiri, na kati ya makarani sita, wanne wamo. Bi. Arafa hakumkatiza hata mmoja. Mwisho alifungua kitabu cha sheria, akasoma kimyakimya, akawaza. Kila aliyekiri alistahili zawadi arobaini. Kisheria zawadi hizo hufungwa na makarani wasio na doa, nao walibaki wawili, mmoja wao akiwa mgonjwa wa mgongo. Alikifunga kitabu.

"Shauri limeahirishwa," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na furaha wala huzuni. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka.

Baraza Kuu lilijadili jambo hilo siku kumi na moja. Siwatu alihudhuria kila siku, akaketi mbele, kwa sababu alijua wangependa asiwepo. Ulipatikana uamuzi wa kadiri: mashauri yote yafutwe, aliyepewa zawadi aruhusiwe kusema "Asante kwa kunikumbuka" akaishia hapo, na asichokihitaji aweze kumpa anayekihitaji, mradi amtajie kilikotoka. Ili kusimamia ruhusa hiyo iliundwa idara mpya, Idara ya Asante Fupi, yenye makarani kumi na wawili.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mzee Kondo alirudi kutoka shaurini peke yake, mbele ya mkewe, na kwa siku zote za mjadala huo hakusema naye. Alikuwa akienda kukaa katika uwanja wa shule alikofundisha zamani, akitazama watoto wa wengine wakicheza. Siwatu alimfuata huko.

"Mzee, umenikasirikia?"

"Wewe, hapana." Alichora kitu mchangani kwa fimbo, akakifuta. "Kila mwaka nilikuwa nikizunguka madukani siku nzima nikitafuta chupa ambayo hana. Nilikuwa nikijisifu moyoni. Nikisema, mimi mke wangu namjua."

Kesho yake baada ya uamuzi wa Baraza alikuja na mkokoteni. Alipakia chupa ishirini na nane, akazipeleka kwa wachimba mifereji bondeni, ambao hunywa chai kutwa, akawataja wote wawili, yeye na mkewe. Moja aliibakisha, ile ya kwanza. Vitu vya chumbani vikahamishiwa ukumbini penye nafasi ya chupa, na chumba kilipokuwa wazi walimshika Bibi Mize mikono wakamketisha dirishani. Alitazama nje kwa muda mrefu. "Kumbe barabara yenyewe ni nyembamba hivi," alisema, na tangu hapo akawa anawaita wapitaji kwa majina na kuwauliza habari walizotaka kuzificha.

"Sasa niambie," Mzee Kondo alimwambia mkewe, bado amesimama mlangoni na vumbi mwilini. "Ulikuwa unataka nini?"

"Viatu vya mpira. Vya kulimia."

"Tangu lini?"

"Kondo, usiniulize tangu lini."

Alikaa kizingitini akacheka, na katikati kicheko kikageuka kilio, na Bi. Tumu akaja kukaa karibu yake mpaka kikapita.

Ramani ilikamilika mwishoni mwa mwaka. Asubuhi ya kuondoka, Siwatu aliwakuta wenzake wa Ofisi ya Mifereji wamejipanga nje kwa duara, mikono mitupu, na hawakujua waifanye nini. Wengine waliifumbata nyuma, wengine waliitia mifukoni na kuitoa. Bwana Mshamu alikohoa.

"Bi. Siwatu, tumekaa kikao siku tatu. Hatutaki kukosea tena. Tukupe nini?"

"Sitaki kitu" ilikuwa imeshafika mdomoni mwake. Ndipo alipoisikia kabla hajaisema, akatambua kwamba nayo ni kauli ya kukariri, na kwamba si kweli. Alikuwa anataka kitu. Hakuwahi kuulizwa swali hilo na watu wengi namna hiyo, wote wakingoja jibu, naye aliyemkatalia Mkuu wa Shukrani mbele ya umati aliona haya mpaka masikio yakamuwaka.

"Nisindikizeni," alisema hatimaye.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mtakapochoka."

Wakatoka naye, kundi zima, na njiani wakaongezeka. Mzee Kondo na Bi. Tumu walirudi darajani, baada ya kukumbatiana naye mara mbili. Wengine walirudi kwenye kinu, wengine penye njia panda. Jua lilipokuwa juu kabisa alibaki Bwana Mshamu peke yake, shati limemganda mgongoni, viatu ameshika mkononi. Alikuwa akimsimulia habari za binti yake anayesoma mbali na asiyeandika barua, jambo ambalo mwaka mzima ofisini hakulitaja. Walifika kwenye jiwe la mpaka. Alilishika, akahema.

"Rudi sasa, bwana," Siwatu alisema. "Jua kali, na kurudi ni mbali."

"Aa, mimi bado sijachoka," alijibu Bwana Mshamu, bado ameliegemea jiwe.

Siwatu alijua anadanganya. Alimpa begi dogo abebe, wakaendelea.